Neno adimu lipimwe kwanza ndipo likatwe alama

Mhariri,

Majaji wa mashindano ya uandishi wana mazoea yanayouma. Wakikuta neno wasilolijua wanapiga mstari mwekundu, wanaandika "msamiati mgumu" na kupunguza alama. Kamusi haijafunguliwa.

Chukueni neno bamvua. Kwa mvuvi wa Sahare au Tongoni si pambo. Ni jina la maji yanayojaa na kupwa sana siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mtoto akilazimishwa kuandika "maji mengi ya bahari", siku imepotea, mwezi umepotea, na msomaji hajui tena kwa nini miamba imekauka hadi mbali vile. Akiandika kwamba bamvua lilikuja wakati wa nusu mwezi, hapo mkateni, maana siku hizo ni za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana: neno kalichuma kamusini, halijui. Vivyo hivyo kaskazi inayovuma Julai, mwezi wa kusi.

Njia ya kupima ni rahisi. Ondoeni neno, wekeni la kawaida, someni sentensi kwa sauti. Maana ikipungua, neno lina kazi, liacheni. Isipopungua, tazameni nani anasema. Muuza dagaa wa Ngamiani hamwiti mteja "ewe muhibu". Kosa hilo ni la kumchora mhusika, likatwe huko, tena mara moja, si kila neno linaporudi.

Katika shairi kuna jambo zaidi. "Mtima wangu watweta" ni kipande cha mizani 8, yaani silabi 8. Weka moyo mahali pa mtima, zinabaki 7, shairi limekuwa guni, limevunja kanuni ya mizani. Jaji anayedai neno jepesi hapo anamwagiza mtunzi avunje kanuni ambayo yeye mwenyewe ataikatia alama.

Wala kamusi isiwe hakimu wa mwisho. Usanifishaji uliosimamiwa na kamati kuanzia 1930 ulijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja. Neno la Kimtang'ata, lahaja ya pwani ya Tanga, lililobaki nje halikuwa kosa. Kwa hiyo jopo la majaji 3 liwe na mmoja anayezijua lahaja za pwani, na usomaji wa kwanza ufanywe bila kalamu mkononi. Waandaaji nao waruhusu sherehe, yaani maelezo ya maneno magumu, mwishoni mwa kazi, kama zilivyo katika diwani zetu: maneno 10 yasizidi, na yasihesabiwe katika urefu wa hadithi.

Mwalimu wa fasihi,
Ngamiani, Tanga