Mwalimu, Najua ni Gunzi

Barua ya wazi kwa walimu wa chekechea na madarasa ya awali

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Marahaba. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Ujiji, magoti yamechoka lakini macho bado yanaona, na juzi yaliona jambo lililonifanya nimwombe mjukuu kalamu.

Nilikwenda kumchukua mjukuu wangu mdogo shuleni, nikafika mapema, nikakaa kwenye benchi la nje. Chini ya mwembe watoto watatu walikuwa wamefungua mgahawa. Mafiga matatu, vifuu viwili, na juu ya kipande cha gunia wameanika dagaa: vijani vya mwarobaini vilivyokauka, vimetandazwa vizuri kabisa kama dagaa wa kweli wanavyoanikwa kule Kibirizi, ufukweni Kigoma. Mmoja wao kazi yake ilikuwa kufukuza kunguru. Kunguru wenyewe hawakuwepo, lakini mtoto alishika kijiti na hakuruhusu hata mmoja atue.

Binti mmoja akajaza kifuu mchanga, akakibeba kwa mikono miwili, akitembea polepole kisimwagike, akampelekea mwalimu wake. "Chai yako, ticha." Mwalimu, binti mzuri tu, mwenye watoto wengi kuliko uwezo wa macho mawili, akatazama akasema: "Hiyo siyo chai, ni mchanga. Kamwage, unawe mikono, uje tuandike herufi e."

Mtoto hakulia. Alirudi jikoni kwake akamwaga, na alipomwaga aliruka nyuma ili isimrukie miguuni.

Simlaumu yule mwalimu, maana mimi nilifanya baya zaidi. Mwaka 1979, nikiwa bado mgeni kazini, nilikuwa na darasa la kwanza, na humo alikuwemo binti mmoja aliyekuja na gunzi la muhindi mgongoni, limefungwa mbeleko ya kitambaa kilichochanika kutoka kwenye kanga ya mama yake. Nikamwita ubaoni. Akasema, "Siwezi kusimama, mwalimu, mtoto ana homa, ndiyo kwanza amelala." Darasa zima likacheka. Mimi nilikuwa kijana, niliogopa kuchekwa kuliko kitu chochote, nikaona hapa nimedanganywa mchana kweupe. Nikamwambia alete kiganja. Alinyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto aliupeleka nyuma, akashikilia gunzi lisidondoke. Fimbo mbili. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, si kwa kiburi, bali kama mtu anayemweleza mgeni njia: "Mwalimu, najua ni gunzi."

Nimelibeba neno hilo miaka yote hii.

Nadhani hata lugha yetu ilinisaidia kukosea. Mtoto akiweka kijiti sikioni tunasema hiyo ni simu ya uongo. Pesa za uongo, bunduki ya uongo, chai ya uongo. Na aliyelamba sukari akamsingizia paka, naye tunasema kasema uongo. Neno ni moja, mambo ni mawili. Lakini lugha hiyohiyo, bibi zetu walipotaka kutusimulia usiku, walianza vipi? Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Uongo uliitwa kwa jina, ukakaribishwa mkekani, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeondoka pale akiamini kwamba sungura na fisi walilima shamba la ubia. Anayedanganya anakuficha. Mtoto anayecheza anakuletea kifuu mpaka mkononi, anataka mjue wote wawili.

Kuna mtaalamu mmoja, Alan Leslie, aliyekuwa akifanya kazi London, aliyelichunguza jambo hili kwa namna rahisi mno, hata ninyi mnaweza kuijaribu kesho. Weka vikombe viwili vitupu mbele ya mtoto wa miaka miwili na ushee. Jifanye unamimina kitu katika vyote viwili kutoka kwenye chupa tupu. Kisha chukua kimoja, kipindue, kikung'ute, kirudishe mezani. Muulize: kipi kitupu? Kwa macho, vyote ni vitupu, wala havijawahi kuwa na kitu. Lakini mtoto anaonyesha kile ulichokipindua. Kichwani mwake ameshika hesabu mbili: ya vikombe vilivyo mezani na ya chai iliyomo mchezoni, na hazichanganyi. Huyo bado anajikojolea kitandani, wanangu, na ameshaweza kufanya hivyo.

Sasa mjukuu wangu mkubwa, aliye chuo, kanisomea kwenye simu yake habari iliyotoka katika jarida la Science mapema mwaka 2026. Watafiti Amalia Bastos na Christopher Krupenye walimfanyia jaribio la namna hiyohiyo bonobo mmoja aliyeitwa Kanzi. Bonobo ni ndugu wa karibu wa sokwe. Porini wanapatikana Kongo peke yake, kusini mwa ule mto mkubwa. Kanzi yeye alizaliwa Marekani mwaka 1980, akalelewa na watu, akajifunza kuonyesha alama za picha ili kuomba vitu, na Kiingereza cha kusemwa alikielewa kuliko mimi. Walikaa naye mezani kama wageni wa karamu. Mtu akajifanya anamimina juisi kutoka jagi tupu katika bilauri mbili, akajifanya anairudisha ya bilauri moja, akauliza juisi iko wapi. Kama mara mbili katika kila tatu Kanzi alionyesha bilauri iliyopaswa kuwa bado na juisi ile isiyokuwepo.

Mtu mbishi (na mimi ni mbishi) atasema: maskini, mzee wa watu alidhani kuna juisi kweli. Watafiti nao waliliwaza hilo. Wakamwekea bilauri moja yenye juisi halisi na nyingine waliyoimiminia juisi ya kujifanya, wakamuuliza anataka ipi. Mara nyingi akachagua halisi. Niliposikia hapo nilimwambia mjukuu arudie kusoma. Kanzi alikuwa ananiambia lile neno la mwaka 1979, kwa kidole badala ya mdomo. Alifariki Machi 2025, ana miaka 44.

Bibi yangu mimi alikuwa akisema sokwe anajua kusema ila ananyamaza asije akatozwa kodi. Tulicheka. Lakini sisi wa Kigoma tumeishi jirani nao. Gombe, ile hifadhi ya sokwe, ni safari ya boti tu kutoka hapa. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, aliposhuka ufukweni kule Julai 1960, mimi nilikuwa na umri wa hawa watoto wenu. Miongoni mwa mengi aliyoyaandika yupo sokwe mdogo wa kike, Wunda, wa miaka minne hivi. Alimtazama mama yake akivua siafu kwa kijiti kirefu, ameinama juu ya tawi. Baadaye Wunda akachukua kijiti kidogo, akakaa kwenye tawi la chini vilevile kama mama, akachokoa chini, mahali ambapo huenda hapakuwa na siafu hata mmoja.

Na kule Uganda, katika msitu wa Kibale, mwaka 1993 mtafiti Richard Wrangham alimfuata sokwe dume mdogo, Kakama, mwenye miaka kama minane, ambaye mama yake alikuwa mjamzito. Kakama aliokota gogo. Akalibeba saa nyingi, akapanda nalo mtini, akalala nalo kwenye kiota, na wakati fulani akatengeneza kiota kidogo akaliweka humo. Wrangham hakutaka kuonekana mtu wa kuota ndoto, akaweka maandishi yake kimya. Miezi kadhaa baadaye wasaidizi wake wa Uganda, ambao hawakuwa wameambiwa lolote, walimwona Kakama na gogo tena, wakaliokota alipoliacha, wakalibandika maneno yenye maana ya "mtoto wa bandia wa Kakama." Mwaka 2010 Wrangham na Sonya Kahlenberg walichapisha hesabu ya miaka 14 ya kutazama jamii hiyo: wadogo wa kike hubeba vijiti namna hiyo kuliko wa kiume, na wakishazaa wenyewe, huacha.

Kakama hatuwezi kumuuliza alikuwa anawaza nini. Ninyi wenzangu mnao watoto wanaosema, wanawaeleza hadi bei ya dagaa, na bado tunawakatiza.

Mnaniuliza, haya bibi, tufanye nini. La kwanza: ukiletewa chai, kunywa. Ipulize kwanza, ni ya moto. Uliza kama kuna sukari. Haichukui nusu dakika, na herufi e haitakimbia. Mchanga usiufikishe mdomoni, na mtoto akitaka kuufikisha wake umzuie. Atakutazama kama mshamba asiyejua kunywa chai ya mgahawani kwake. Mbegu ndogo na visoda waangalieni walio chini ya miaka mitatu, hao kila kitu wanameza.

La pili gumu zaidi, na walimu wazuri ndio wanaolikosea: usiuteke mchezo. Florida, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, Keith na Catherine Hayes walimlea sokwe wa kike nyumbani kama mtoto wao, jina lake Viki. Siku moja Catherine alimwona Viki akitembea bafuni huku anavuta kitu nyuma yake kwa kamba, kama watoto wanavyovuta kigari, ila hapakuwa na kamba wala kigari. Siku nyingine "kamba" ikanasa kwenye bomba. Viki akavuta, akavuta, kisha akamwita mama yake huyo amsaidie. Catherine akainama, akajifanya anaifungua taratibu, akampa mkononi, na Viki akaondoka mbio na kigari chake kisichoonekana. Hapo alifanya vizuri sana. Lakini siku za mbele Catherine naye akaona atengeneze kigari chake cha hewani, akaanza kukivuta mbele ya Viki. Mtoto akaogopa, akamrukia kifuani, na mchezo ule ukafa.

Ndivyo tunavyofanya tukigeuza mgahawa kuwa somo. "Hii chai ni rangi gani? Vikombe vingapi? Tuhesabu wote!" Ngoja uitwe. Ukiitwa, fungua kamba, ondoka.

Vifaa msinunue. Nimeona shule zenye jiko la plastiki jekundu la duka, lina hadi tanuri, na watoto wameliacha wanapigania boksi la sabuni. Jiko lile haliwezi kuwa kitu kingine. Boksi lilikuwa boti asubuhi, saa nne lilikuwa zahanati. Waombeni wazazi vifuu, magunzi, vitambaa, makopo yasiyo na makali.

Kuhusu wazazi: wapo watakaowaambia hatulipi ada mtoto akacheze mchanga, tunataka KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Msibishane nao getini. Waalikeni wakae robo saa kwenye benchi lile nililokaa mimi. Anayesema "wewe uwe mgonjwa, mimi nesi, lakini jana nesi alikuwa yeye" amepanga, amekumbuka, amejadiliana, na ameongea sentensi ndefu kuliko zote atakazoongea darasani siku hiyo.

Na wapo wanaokuja na hoja ya dini juu ya wanasesere. Kwa Waislamu wenzangu, kumbusheni tu kisa kilichopokewa katika Sunan Abi Dawud: Bi Aisha alikuwa na wanasesere, na katikati yao farasi wa vitambaa mwenye mabawa mawili. Mtume, rehema na amani zimshukie, akamuuliza farasi anakuwaje na mabawa. Akamjibu, hukusikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa? Mtume akacheka mpaka magego yakaonekana. Hakusema farasi hana mabawa, kayakate.

Ninajua pia mtaniuliza habari ya mtoto anayedanganya kweli. Yupo. Aliyevunja kikombe akasema ni paka, huyo mkalishe, mseme, na haki itendeke kwa paka. Hamtashindwa kuwatofautisha: huyo wa paka hataki ujue.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawaletea gunia la vifuu pale chini ya mwembe. Nimeshayasugua makumbi, msihangaike.

Yule binti wa gunzi sasa ni mama mtu mzima, anauza dagaa Kibirizi, wa kweli. Nilimwomba radhi miaka mingi iliyopita, akacheka, akasema hakumbuki fimbo, anakumbuka gunzi. Kila nikipita hunipimia kwa kuzidisha, nami humuuliza mtoto aliamkaje. Mwezi uliopita aliniambia homa ilishapona zamani, na sasa kaolewa Kasulu.

Ni mimi bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Ujiji