Mwanangu, kabla hujaanza kuitumia hiyo simu

Mwanangu mpendwa,

Simu ni yako likizo hii yote. Kabla hujaanza, nataka uelewe mambo mawili, tarakimu sita na picha, maana huko ndiko watoto wa umri wako wanakonaswa zaidi.

Mtu akitaka kuiba WhatsApp yako, hahitaji kuigusa simu yako. Anaandika namba yako kwenye simu yake, na ujumbe wenye tarakimu sita unaingia kwenye laini yako. Hapo ndipo anapokupigia akijifanya mwalimu wa darasa, au anakuandikia kwa akaunti ya rafiki yako aliyekwisha kuibiwa: "Samahani, kuna namba imeingia kwako kimakosa, nisomee." Ukimsomea tu, WhatsApp inafunga kwako na kufunguka kwake, na muda si muda mashangazi wanaombwa hela ya dharura kwa jina lako. Tarakimu hizo hasomewi mtu yeyote, hata mimi. Mwalimu wa kweli hana kazi nazo.

Leo hii fungua Mipangilio, kisha Akaunti, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka namba ya siri ya tarakimu sita, isiwe tarehe yako ya kuzaliwa, na uongeze barua pepe yangu ili tuweze kuirejesha ukiisahau. Ikitokea wamekuwahi, sajili namba yako upya kwenye WhatsApp. Ukiingiza tarakimu mpya, mwizi anatolewa papo hapo. Kama alishaweka namba yake ya siri, itabidi usubiri siku 7 ndipo uingie, lakini naye hatakuwemo. Siku hizo tutawapigia ndugu simu ya kawaida wasitume hela.

Picha ndiyo inayoninyima usingizi. Anakuja mtu mcheshi, ambaye tayari ana marafiki wawili watatu mnaofahamiana. Anakusifu, kisha anaomba mhamie kwenye mazungumzo ya siri. Anatangulia kutuma picha ya utupu, ambayo wala si yake, ili ujione una deni. Ukituma yako, ujumbe unaofuata una majina ya wenzako wa darasa, aliyoyachukua kwenye orodha ya wafuasi wako: lipa, la sivyo wote wataiona. Wengine huchukua sura yako kwenye picha ya kawaida na kuunda ya uchi kwa akili mnemba, hata kama hukutuma chochote.

Usilipe. Ukilipa anajua pesa ipo, na atadai tena. Usifute mazungumzo kwa aibu, kwani huo ndio ushahidi. Piga skrinishoti za vitisho, namba ya simu, jina la akaunti na namba anayotaka itumiwe pesa. Baada ya hapo mripoti, mzuie, uje uniamshe hata kama ni saa nane za usiku. Sitakunyang'anya simu kwa sababu umeniambia. Nimeliandika hili ili uwe nalo mkononi, kwa kuwa najua wanaokutisha wanategemea uniogope mimi kuliko wao.

Ukishindwa kuniambia, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto hapa Tanzania. Ni bure. Kituo cha polisi tutakwenda pamoja, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto.

Ipo pia huduma ya mtandaoni iitwayo Take It Down, ya kuondoa picha za utupu za walio chini ya miaka 18. Unaichagua picha, simu inatengeneza alama yake ya kipekee, na alama hiyo ndiyo inayotumwa. Picha yenyewe haitoki kwenye simu yako. Mitandao iliyojiunga, ikiwemo Instagram na TikTok, hutumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa. Haifiki ndani ya mazungumzo ya WhatsApp, ndiyo maana kuwahi ni muhimu.

Na siku picha ya mwenzako itakapotua kwenye kundi la darasa, usimrushie mtu hata kwa kuuliza "ni yeye kweli?" Kusambaza picha ya ngono ya mtoto ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na "nilitumiwa tu" haikuokoi. Niletee simu kama ilivyo. Mwandikie mwenzako faraghani kwamba uko naye, nami nitampigia mama yake kabla hajazisikia habari hizo kwa majirani.

Mama yako