Fundi na Aandike Alichoambiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo ambalo wenye magari wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Katika mgogoro kuhusu gari lenye ubovu unaojirudia, shahidi mkuu si fundi, si mwenye gari, wala si gari lenyewe, bali ni ile karatasi nyembamba ambayo mteja hukabidhiwa anapolichukua gari lake gereji, na ambayo wengi wetu huikunja na kuitia kwenye droo ya dashibodi bila kuisoma.

Nasema haya kwa yaliyonikuta. Gari langu nililinunua jipya, likiwa na waranti kamili, na kabla halijatimiza miezi minne likaanza kuzimika njiani. Halikuwa likizimika kila siku. Lilisubiri injini ipate moto na foleni iwe ya kusogea hatua kwa hatua, kisha ghafla taa zote za dashibodi zinawaka kwa pamoja, usukani unakuwa mgumu kama uliofungwa kamba, na honi zinaanza kunililia nyuma. Nikizima swichi na kungoja dakika mbili hivi, linawaka kana kwamba halijafanya lolote. Nililirudisha kwa wakala aliyeniuzia mara tano. Mara ya kwanza nilimweleza mpokea magari kwa kirefu, nikamwonyesha hata kwa mikono jinsi usukani unavyokaza, naye akatikisa kichwa kwa huruma na kuandika: "Servisi ya kwanza. Mteja aomba injini iangaliwe." Mara ya pili walilipima kwa mashine likiwa limepoa tangu usiku, wakaandika kwamba hakuna kasoro iliyoonekana, bila kutaja kasoro iliyokuwa ikitafutwa ni ipi. Mara ya tatu wakabadilisha betri. Mara ya nne gari lililala pale siku tisa na sikupewa karatasi yoyote, kwa maelezo kwamba halikufanyiwa kazi. Nilipofika mahali pa kudai nirudishiwe fedha zangu au nipewe gari jingine, nilijibiwa kwa upole kabisa kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu, lalamiko la gari kuzimika limepokelewa mara moja tu, yaani ile ya tano.

Sitaki kumtaja wakala huyo, na kwa kweli sidhani kwamba yule kijana wa mapokezi alikuwa na nia mbaya. Aliandika kile ambacho fomu yake ilikuwa na nafasi nacho. Lakini matokeo kwangu ni yaleyale, na ndiyo yaliyonipeleka kuzisoma sheria za wenzetu kuhusu magari ya aina hii.

Gari lisilopona mitaani tunaliita kimeo. Wamarekani huliita limau, na sheria zao za kumlinda mnunuzi wa gari jipya zimebaki na jina hilo la mitaani hata ndani ya mahakama. Mwaka 1975 walipata sheria ya waranti inayojulikana kama Magnuson-Moss, ambayo inahusu bidhaa za kila aina zinazouzwa kwa watumiaji, na kuanzia mwaka 1982, Connecticut na California zikiwa miongoni mwa majimbo ya mwanzo, yakaja masharti mahususi ya magari. Kilichonigusa katika sheria ya California ni kwamba haikuishia kusema gari liwe "zuri" au waranti iwe "ya haki", maneno ambayo wanasheria wanaweza kuyavuta huku na huku mpaka gari likaoza, bali iliweka hesabu. Ndani ya miezi 18 au maili 18,000 za mwanzo, lolote litakalotangulia, ikiwa kasoro ileile imepelekwa kutengenezwa mara 4 au zaidi bila kupona, au mara 2 ikiwa ni kasoro inayoweza kuua au kujeruhi vibaya, au ikiwa gari limekaa gereji kwa jumla ya zaidi ya siku 30, sheria huchukulia kwamba mtengenezaji amekwishapewa nafasi ya kutosha. Anayesema vinginevyo ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha, na mnunuzi ambaye hakutimiza hesabu hiyo hajafungiwa mlango, ila mzigo unakuwa wake.

Vipimo hivyo vyote vinahesabika, na kila kimoja kinahesabiwa kutoka kwenye karatasi za gereji. Mara nne za nini, kama karatasi ya kwanza imeandika servisi na ya pili imeandika kwamba hakuna kitu? Siku 30 zipi, kama zile tisa hazimo popote? Mtu mwenye kasoro ya kutisha, inayostahili kuhesabiwa kwa mara mbili tu, anaweza kujikuta hana hata mara moja.

Kuna jambo jingine dogo ndani ya sheria hiyohiyo ambalo nalipenda kwa sababu linaonyesha kwamba waliolitunga walijua gereji zinavyofanya kazi. Mnunuzi anaporudishiwa fedha, mtengenezaji anaruhusiwa kukata sehemu kwa ajili ya matumizi ambayo mnunuzi aliyapata gari lilipokuwa zima, na sehemu hiyo hupatikana kwa kuchukua maili ambazo gari lilikuwa limetembea lilipopelekwa kwa mara ya kwanza kwa ajili ya kasoro hiyo, kuzigawa kwa 120,000, kisha kuzidisha kwa bei. Kama mtu alilipeleka likiwa na maili 6,000, hukatwa asilimia 5 ya bei. Kama safari yake ya kwanza haikuandikwa vizuri na ikahesabiwa ile ya maili 18,000, hukatwa asilimia 15. Tofauti ya asilimia 10 ya bei ya gari zima, na chanzo chake ni sentensi moja ambayo mpokea magari hakuiandika.

Nchi nyingine zimefuata njia tofauti. Uingereza, kwa sheria yake ya haki za mlaji ya mwaka 2015, humpa mnunuzi siku 30 za kulikataa gari lenye kasoro na kurudishiwa fedha zote. Zikipita, muuzaji hupewa nafasi moja ya kutengeneza, na akishindwa, mnunuzi anaweza kulikataa au kudai apunguziwe bei. Afrika Kusini, kwa sheria ya mwaka 2008, humpa mnunuzi miezi 6 ya kurudisha bidhaa mbovu, na ikiwa imetengenezwa na ubovu ukarudi ndani ya miezi 3, muuzaji hana budi kuibadilisha au kurudisha fedha. Kenya imeuweka msingi ndani ya katiba yenyewe ya mwaka 2010, ibara ya 46, inayompa mlaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili na kufidiwa anapopata hasara au madhara kwa sababu ya kasoro zake. Sheria hizi zote, ziwe za kina au za jumla, hakuna hata moja inayomwokoa mtu asiye na maandishi.

Hapa nataka nitenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na hata mimi niliyachanganya. Wito wa kurejesha magari, yaani pale mtengenezaji anapotangaza kwamba magari ya toleo fulani yapelekwe yakarekebishwe bure, ni jambo la usalama wa wote: hautazami kama gari lako limekusumbua, hutazama kama namba yako ya chesisi imo katika kundi lenye kasoro. Haki ya mwenye kimeo ni jambo la mkataba kati ya mnunuzi na aliyemuuzia au aliyelitengeneza gari. Kwa kawaida wito hukupa kifaa kipya, haukupi fedha zako. Vilevile gari lisilo na wito wowote linaweza kuwa kimeo cha kupindukia, na gari lililoitwa mara tatu likawa limepona kila mara. Ndiyo maana jibu nililopewa mimi, kwamba "mtengenezaji hajatoa tangazo lolote kuhusu modeli hii", halikuwa jibu la swali nililouliza.

Hata hivyo mambo hayo mawili yana mzizi mmoja, nao ni yale malalamiko madogomadogo yanayoandikwa, au yasiyoandikwa, katika gereji moja moja. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliita magari takriban milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya kuwashia iliyokuwa legevu kiasi kwamba ufunguo uliweza kuteleza gari likiwa mwendoni, injini ikazima, usukani ukapoteza nguvu, na mifuko ya hewa isifunguke gari linapogonga. Mfuko wa fidia ulioundwa baadaye ulikubali madai ya vifo 124. Wateja walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi, lakini ndani ya kampuni tatizo liliwekwa katika fungu la usumbufu kwa mteja, wala si fungu la usalama. Uchunguzi ulioagizwa na kampuni yenyewe ulieleza kwamba waraka uliotumwa kwa mafundi uliepuka neno la gari kuzimika, kwa kuwa lingewashtua wasimamizi wa usalama barabarani. Na katika makubaliano kati ya kampuni hiyo na mamlaka ya usalama wa barabara ya Marekani, ya Mei 2014, kulitolewa hadharani mafunzo ya mwaka 2008 ambamo wafanyakazi walielekezwa kwamba badala ya kuandika "kasoro" waandike kwamba kitu "hakifanyi kazi kama kilivyosanifiwa", na badala ya "tatizo" waandike "hali" au "suala". Niliposoma hayo nilizitoa karatasi zangu kwenye droo nikazisoma upya, na neno "kuzimika" nikalikuta katika moja tu.

Sisemi kwamba kila gereji inaficha. Nasema kwamba mlango wa kufichia uko wazi, na hata asiye na nia ya kuficha hupita humohumo kwa uvivu. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Kijapani ya Takata, iliyofanya mitambo ya kuijaza hewa takriban milioni 67 iitwe Marekani pekee kwa sababu ya kemikali iliyoharibika kwa joto na unyevu hadi kulipuka na kurusha vipande vya chuma, ilitoa angalau funzo hili: mwenye gari wa pili au wa tatu ambaye anwani yake haimo popote hafikiwi na barua ya mtengenezaji, na njia yake ya uhakika ni kuichukua namba ya chesisi, yenye tarakimu na herufi 17, na kuitafuta mwenyewe katika tovuti ya mtengenezaji. Marekani kwenyewe, sheria ya taifa humkataza wakala kuuza gari jipya lenye wito ambao haujashughulikiwa, lakini haimkatazi kuuza la mtumba. Mnunuzi wa mtumba basi asiulize tu kama gari limewahi kugonga, aulize pia kama lina wito ambao haujashughulikiwa. Na aliyelipia matengenezo kwa fedha zake kabla wito haujatoka, mara nyingi ana nafasi ya kudai arudishiwe, mradi risiti anayo.

Ninaloliomba kwa watunga sheria, kupitia gazeti lako, si jambo kubwa. Iwe ni wajibu wa kila gereji ya wakala kuandika lalamiko kwa maneno ya mteja mwenyewe kabla ya kuandika maoni ya fundi. Karatasi ionyeshe tarehe na saa ya kuingia, tarehe na saa ya kutoka, na kilomita za pande zote mbili. Na itolewe hata kama gari halikuguswa, kwa kuwa siku ambayo gari limekaa bila kuguswa ni siku ambayo mwenyewe hakuwa na gari. Kwako wewe, Mhariri, ombi langu ni kwamba matangazo ya wito wa magari yanapowafikia, myachapishe pamoja na mwaka wa toleo na mafungu ya namba za chesisi, kwa maana kichwa cha habari kinachosema tu kwamba kampuni fulani imeita magari milioni moja humtisha msomaji bila kumjulisha kama lake limo.

Juma lililopita nililipeleka gari kwa mara ya sita. Nilikwenda nimeandika lalamiko nyumbani kwa mkono, nakala mbili: linazimika injini ikiwa ya moto, katika mwendo wa chini ya kilomita 20 kwa saa, usukani hukaza, huwaka tena baada ya dakika mbili, na hii ni mara ya sita. Mpokea magari alisema fomu yao haina nafasi ya maelezo marefu kiasi hicho. Nikamwambia sihitaji nafasi kwenye fomu, nahitaji muhuri tu kwenye nakala yangu. Alikwenda kumuuliza msimamizi wake, akakaa huko karibu nusu saa, akarudi akaupiga.

Wako,
Msomaji, mwenye gari