Pandeni tu, lakini kwanza nisikilize

Hamisi yakhe,

Vipi hali, vipi mama, na shemeji mgongo unaendeleaje? Voice note yako niliisikiza jana nikiwa kwenye matatu narudi kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nikairudia mara mbili manake kelele zilikua nyingi, na kusema kweli nilicheka pale uliposema shemeji kaona kwenye tiketi ya kwenda kwa daktari imeandikwa 737 MAX 9, ile ndege ya Boeing, akaenda kugugo, sasa halali usingizi. Sikucheka vibaya. Hata mimi Air Tanzania walipopokea ya kwanza Oktoba 2023 nilikaa nikaitazama picha muda. Umeniuliza "wewe ndo fundi, twende au tusiende". Unijue lakini, mimi fundi wa Karavani, ndege za propela moja, hizo kubwa nazisoma usiku badala ya kulala, mke wangu kashachoka. Jibu nitakupa mwishoni, nikikupa saa hii utasema nakubembeleza tu.

Balaa la MAX lilianzia kwenye injini. Mwisho wa 2010 Airbus, wapinzani wa Boeing, walitangaza wataipa ndege yao ya A320 injini mpya za kula mafuta kidogo, Boeing wakaona wateja wanahama, na 2011 wakaamua hawachori ndege mpya, watachukua 737 ileile ya miaka ya sitini waivalishe injini mpya. Sasa 737 imekaa chini chini, ilitengenezwa enzi ambazo mizigo inapakiwa kwa mkono, injini nene hazienei chini ya bawa, ikabidi zisogezwe mbele na juu. Zikikaa hapo, pua ikipanda sana injini zenyewe zinazidi kuisukuma juu. Dawa waliyoweka ni programu, inaitwa MCAS, ikihisi pua imepanda mno inazungusha bawa dogo la mkiani pua ishuke, yenyewe, bila hata kumgusa rubani bega.

Mpaka hapo sina ugomvi, hakuna ndege kubwa saa hizi isokua na vitu vya kusaidia. Ugomvi wangu ni kwamba ile programu ilikua inasikiliza sensa moja. Moja, Hamisi. Ndege inazo mbili, kila upande wa pua moja, ni kama kibawa kidogo kinachogeuka na upepo kupima unaingia kwa pembe gani, na ni kitu kiko nje, kinapigwa na ndege wa kuruka, kinapigwa na mvua, kinaweza hata kufungwa vibaya na fundi kama mimi. Halafu nguvu ya MCAS waliiongeza wakati wa majaribio, kutoka digrii 0.6 za bawa la mkiani hadi 2.5 kila ikiamka, na rubani akiinyamazisha kwa swichi ya usukanini inapumzika sekunde tano inarudi.

Na marubani hawakuambiwa. Kwenye kitabu chao hiyo MCAS haikuelezwa, manake ukiieleza itabidi wafunzwe, na kuwafunza kwenye simuleta, ile mashine ya kuigiza kuruka, ni pesa na ni muda. Southwest ya Marekani walikua wameahidiwa punguzo la dola milioni 1 kwa kila ndege endapo FAA, ile mamlaka ya anga ya kwao, ingelazimisha simuleta. Sasa we jiulize muuzaji aliyeahidi hivo atataka mafunzo yaongezwe? Aliyekua anarusha 737 ya zamani akapewa kozi ya kwenye tableti, saa moja mbili, haya, wewe ni rubani wa MAX.

Oktoba 29, 2018 ikaanguka MAX ya Lion Air ya Indonesia kule bahari ya Java, watu 189. Siku moja kabla ndege ileile ilifanya vituko hivohivo ikitoka Bali na wakafika salama, mle kokpiti kulikua na rubani wa tatu kapanda kama abiria akawasaidia, na swichi za umeme unaozungusha lile bawa la mkiani zikazimwa. Asubuhi yake ikapewa wenzao wawili tu, hawana wa tatu. Hilo huwa linanikosesha raha kuliko yote, kwamba dawa ilishapatikana jana yake, ikabaki kwa waliokua mle ndani.

Ya Addis, MAX nayo, ya Ethiopian Airlines, unaikumbuka mwenyewe. Jumapili, Machi 10, 2019, nilikua bado nasoma, nimekaa na chai nikaona kwenye simu. Iliruka saa mbili na dakika thelathini na nane asubuhi kuja Nairobi, dakika sita baadae imeingia ardhini karibu na Bishoftu. Watu 157, Wakenya 32, ndo taifa lililopoteza wengi zaidi. Hussein Swaleh yule wa mpira alikua humo, katoka Misri kusimamia mechi ya TP Mazembe. Na watu wako pale JKIA wanangoja wageni wao.

Kapteni, Yared Getachew, mama yake Mkenya, umri 29, saa zaidi ya elfu nane angani. Msaidizi wake 25, saa 361. Wameinuka tu, sensa ya kushoto ikasema pembe ni digrii 74.5. Ya kulia inasema kama 15. Hebu fikiria digrii 74, ndege inataka kusimama wima kama roketi, hata mtoto angejua ni uongo, lakini programu haikuandikwa ijiulize. Usukani unatetemeka mkononi kuonya, alamu zinalia za kila namna, mwendo hausomeki sawa, na flapsi, vile vibao vya nyuma ya bawa, zilipoingia tu MCAS ikaamka ikaanza kusukuma pua chini. Na wale vijana walifanya kile walichoambiwa baada ya Lion Air, walizima zile swichi. Ikabaki kuzungusha lile gurudumu la trimu, la kusogeza bawa la mkiani, kwa mkono, na gurudumu likakataa manake ndege ilikua inakimbia mno, nguvu za injini za kuondokea hazikua zimepunguzwa na upepo unaopiga bawa la mkiani umelibana. Mwisho wakarudisha umeme, na ilivorudi umeme MCAS nayo ikarudi.

Ndo utasikia watu, hasa wa mbali mbali huko, wakasema "marubani wa Afrika hawajafunzwa". Nilikasirika wakati ule na nimekasirika saa hii ninavoandika. Kweli wangepunguza mwendo pengine gurudumu lingezunguka, hilo wachunguzi wamelisema na sitalificha. Lakini unamfundisha mtu nini kuhusu kitu ulichomficha?

Sasa shika hapohapo, manake kuna nyingine ambayo watu hawaiweki pamoja na hii na mimi naiona ni ndugu yake. Mei 5, 2007, KQ507 ya Kenya Airways, inatoka Douala, Kamerun, inakuja Nairobi, 737 pia, ya aina ya kabla ya MAX, haijatimiza hata mwaka kazini. Saa sita usiku na dakika chache, giza, mvua za radi ziko karibu. Hii ndege haikua na kasoro, ila ilikua na tabia ya kuegemea kulia kidogokidogo baada ya kuruka, kitu cha kurekebisha kwa kidole. Walipopita futi elfu moja kapteni akasema maneno ya kuomba otopailoti, mashine inayorusha ndege yenyewe, iwekwe. Msaidizi wake, kijana wa miaka 23, hakujibu. Otopailoti haikuingia. Na karibu dakika nzima, sekunde hamsini na kitu, hakuna mkono uliogusa usukani, kila mmoja yuko na amani yake, ndege inalala kulia polepole, polepole hivi kwamba mwilini huhisi, na nje hakuna taa ya kukuambia upande wa juu ni upi. Alamu ya kuinama ilipolia kapteni akashtuka akazungusha kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, na msaidizi nae ulimi ulimchanganya, kwanza alisema kulia ndo akajisahihisha kushoto. Ikaingia kwenye kinamasi cha mikoko, watu 114, na haikupatikana mpaka siku ya pili yake.

Unalikumbuka lile friji la marehemu bibi yako tulivolipandisha ngazi pale Majengo? Mimi nilijua umeshika wewe, wewe ukajua nimeshika mimi, na hakuna alieshika. Kidole chako cha mguu ndo kikaenda. Kwa hivo kwenye ndege kukabidhiana usukani kuna maneno yake, mmoja anasema umeshika wewe, mwenzake lazima ajibu ndio nimeshika mimi, asipojibu hujamwachia. Hayo watu wanajifunza wiki ya kwanza ya urubani. Sasa otopailoti nayo ni mwenzako mle ndani, na haina ulimi, ina kitaa kidogo na maandishi madogo kwenye skrini, usipotazama huna jibu. Douala watu walidhani mashine imeshika, kumbe haijashika. Addis mashine ilikua imeshika na kung'ang'ania, na kwa Lion Air watu hawakujua hata kama kuna mwingine wa kushika. Ndo maana watu wakianza kubishana eti kompyuta bora au rubani bora mi naondoka.

Na kuna ya Air France, Juni 1, 2009, Rio kwenda Paris, Airbus, watu 228. Mirija ya kupima mwendo iliganda barafu, kwa muda mfupi tu, kama dakika moja, otopailoti ikajitoa ikawakabidhi ndege usiku katikati ya Atlantiki. Mmoja akavuta pua juu, ndege ikapungukiwa mwendo ikaanza kudondoka. Sikia hili: mwendo uliposhuka sana alamu ya kudondoka ilinyamaza, manake kompyuta iliona namba hizo haziwezekani ikaacha kuziamini, kwa hivo akisukuma pua chini, ambayo ndo sahihi, alamu inalia, akivuta inanyamaza. Dakika tatu na nusu hivi, kutoka futi elfu 38 mpaka majini. Watu watatu wenye leseni. Kurusha kwa mkono kule juu hawakua wamefunzwa, manake kule juu hakuna anaerusha kwa mkono.

Jamaa yangu mmoja anaerusha hizo kubwa, simtaji, aliniambia kwenye safari ya saa nane anaushika usukani dakika chache za kuondoka na chache za kutua, na kuna siku hata hizo anaambiwa bora aiachie mashine. Nikamuuliza mkono haupotei? Akacheka, akasema ndo maana akija Wilson likizoni anakodi Cessna kuukuu azunguke Ngong, anasema ile ikikohoa unaisikia makalioni.

Usije ukamwambia shemeji hii inayofuata, au mwambie mkishatua. Januari 5, 2024, MAX 9 ya Alaska Airlines imetoka Portland tu, kiko kipande cha ukuta kimezibwa mahali pa mlango wa dharura, kikang'oka futi kama elfu 16. Hakuna aliekufa. Kiti cha pembeni kabisa ya tundu kilikua hakina mtu. Wachunguzi walikuta bolti nne za kukishikilia hazikuwepo, kiliwahi kufunguliwa kiwandani na hakuna karatasi inayoonesha nani kafungua nani kafunga. Mimi nikibadilisha taa ya Karavani, taa Hamisi, naandika, nasaini, mkaguzi anasaini. Mwaka jana bosi mmoja alitaka nisaini kazi ambayo sikuiona ikifanywa, tukakosana mpaka leo hanisalimii. Kwa hivo hiyo ya karatasi iliniuma kuliko tundu lenyewe.

Haya jibu. Pandeni. MAX ilizuiwa kuruka karibu miezi ishirini, na iliporuhusiwa Marekani Novemba 2020 MCAS ilikua imebadilishwa, inasoma sensa zote mbili na zikitofautiana inajitoa, inasukuma mara moja tu sio kurudi rudi, na rubani akivuta anaishinda. Na simuleta imekua lazima. Saa hizi pengine hakuna programu iliyochambuliwa na watu wengi kama ile, mi ningepanda kesho nikalala usingizi. Kinachonikera ni kwamba bei ya hayo yote ni watu 346, na pesa nyingi za yale makubaliano ya Boeing na serikali ya Marekani ya 2021, zaidi ya dola bilioni 2.5, zilikua za mashirika ya ndege, familia zikatengewa milioni 500. Lakini hiyo hasira ni ya kwangu, sio sababu ya kukosa appointment ya daktari.

Chukueni viti vya usawa wa bawa, hapo mtikisiko ni kidogo, na mkanda shemeji asifungue hata taa ikizimwa, umlegezee tu kidogo kwa ajili ya mgongo. Alafu mkiwa mnatua nipigie picha ya bawa kutoka dirishani, nyuma hapo penye flapsi, nataka kuona zilivyoshuka. Najua ni ugonjwa, we nitumie tu.

Msalimie mama.

Wako,
Athumani