Kabla hujafungua kabureta, fungua tangi

Mteja wetu mmoja alituletea kabureta ileile mara tatu ndani ya miezi miwili. Gari lake la mwaka 1968 alikuwa analifufua mwenyewe nyumbani, na kazi yake ilikuwa safi: bodi limeshapigwa rangi, viti vimeshashonwa upya. Kila alipokuja tuliifungua kabureta, tukaisafisha, tukabadilisha gasketi, akaifunga na gari likawaka vizuri. Siku chache baadaye likaanza tena kukohoa na kuzima. Mara ya tatu tulimwomba alete na tangi. Tulipoliinamisha juu ya karai na kulikung'uta, zilimwagika chenga za kutu za kujaza kikombe cha chai, na chini yake vumbi jekundu laini kama unga, la aina ambayo filta ndogo ya karatasi inashindwa kulizuia lote. Kabureta haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inalishwa uchafu.

Karibu kila anayefufua gari la zamani huanza na kabureta, na tunaelewa kwa nini. Unafungua boneti, iko pale mbele ya macho, na ndiyo inayotajwa na kila mtu. Lakini mafuta yanaanza safari yao kwenye tangi, yanapita kwenye bomba, mipira na pampu, ndipo yanafika kwenye kabureta. Kusafisha kabureta na kuliacha tangi ni kudeki sebule huku paa linavuja.

Anza kwa kunusa. Fungua kifuniko cha tangi: petroli mbichi ina harufu kali nyepesi, iliyokaa miaka inanuka kama vanishi iliyochacha. Sehemu nyepesi za petroli huvukia, na zile nzito zinazobaki huungana na hewa na kugeuka gundi ya kahawia. Gundi hiyo inanata kwenye sindano ya kabureta (ile inayofungua na kufunga mafuta yanayoingia), inaziba jeti, yaani vipande vyenye tundu dogo linalopima mafuta, na ikifika kwenye injini inaweza kuzigandisha vali kwenye njia zake hadi fimbo za kuzisukuma zipinde. Kwa hiyo usijaribu kuwasha gari kwa mafuta yaliyolala humo tangu lilipoegeshwa, hata kama ni "kwa dakika moja tu". Yamwage yote kwenye chombo chenye mfuniko na uyapeleke panapopokelewa taka za mafuta.

Hapa tunaomba usome polepole. Petroli hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni na kufuata moto ulipo, hata chumba cha pili. Tangi tupu lenye mvuke ni la hatari kuliko lililojaa. Fanya kazi hii nje, toa waya wa hasi wa betri kwanza, na usinyonye mafuta kwa mdomo. Na usithubutu kuchomelea tangi nyumbani, hata likiwa limeoshwa mara kumi. Tangi lenye matundu lilete kwetu au lipeleke kwa fundi mwenye vifaa vya kazi hiyo.

Tangi lisilo na matundu unaweza kulisafisha mwenyewe. Lishushe, toa geji ya mafuta, lioshe kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu ya petroli iishe kabisa. Wengi hutia kokoto au mnyororo na kulitikisa. Inasaidia, lakini kutu iliyong'ang'ania pembeni haiondoki. Sisi tunapendelea umeme. Jaza tangi maji yenye magadi ya kufulia, ning'iniza ndani kipande cha chuma cha kawaida bila kugusa ukuta wa tangi, kisha unganisha chaja ya betri ya volti 12: hasi kwenye tangi, chanya kwenye kile kipande. Kutu inaachia yenyewe kwa saa kadhaa, na chuma kizima hakiliwi kama kinavyoliwa na asidi. Kipande hicho kisiwe cha stenlesi, kwa sababu kinaachia kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Povu unaloliona ni haidrojeni, nayo inawaka, hivyo fanya uwanjani na uzime chaja kabla ya kugusa waya wowote. Ukimaliza, suuza na ukaushe upesi kwa hewa ya moto, maana chuma kitupu kinaanza kushika kutu upya ndani ya dakika chache.

Watu wengi wanatuuliza kuhusu rangi ya kupaka ndani ya tangi. Ikipakwa kwenye chuma kisafi na kikavu, inadumu. Ikipakwa juu ya kutu au unyevu, inabanduka vipande vipande na kuziba mdomo wa bomba, na kuitoa ni kazi kubwa kuliko kutoa kutu yenyewe. Tangi likishakuwa safi na linatumika mara kwa mara, mara nyingi tunaliacha bila rangi.

Kuna ugonjwa mmoja unaofanya watu wanunue pampu mpya bure. Gari linaenda vizuri dakika kumi na tano au ishirini, linazima, unasubiri kando ya njia, linawaka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Likizima, fungua kifuniko cha tangi usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mluzi, tatizo ni tundu la hewa lililoziba, au kifuniko kisicho cha gari hilo. Mafuta yanatoka na hewa haiingii kujaza nafasi yake, mpaka pampu inashindwa kuvuta.

Mipira badilisha yote, hata inayoonekana mizima. Petroli ya siku hizi mara nyingi huchanganywa na ethanoli, na ile inayoandikwa E10 ina ethanoli hadi asilimia 10. Mipira ya miaka ya 1960 na 1970 haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Tulipasua mmoja uliokuwa laini na mweusi vizuri kwa nje. Ndani ulikuwa unamung'unyuka kama keki. Tafuta mpira ulioandikwa SAE J30 R9 ubavuni, na klempu zenye kingo laini, kwa sababu zile zenye meno hukata mpira zikikazwa. Ethanoli pia huvuta unyevu. Mafuta yakilala miezi mingi, maji yanaweza kujitenga na kutuama chini ya tangi, na kutu inaanza upya.

Risasi, madini yaliyokuwa yakitiwa kwenye petroli ya zamani na yaliyolinda viti vya vali, ni suala jingine, la ndani ya injini. Petroli yenye risasi imekwisha kabisa vituoni. Algeria ilikuwa ya mwisho kuiacha, mwaka 2021. Gari la zamani lenye viti vya vali vya chuma laini linahitaji viti hivyo viangaliwe wakati kichwa cha injini kikifunguliwa.

Pampu za zamani zinazosukumwa na injini zina kiwambo cha mpira ndani. Kikipasuka, petroli inaweza kushuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili: kikinuka petroli, au kiwango kikiwa kimepanda bila wewe kuongeza, usiwashe injini tena kabla ya kurekebisha. Wanaofunga pampu ya umeme waangalie presha. Kabureta za SU, zilizofungwa kwenye magari mengi ya Uingereza, zinaridhika na takriban psi 3 (psi ni kipimo cha presha), na nyingi za magari ya Marekani hutaka kati ya 5 na 7. Pampu ya gari la injeksheni inasukuma makumi ya psi. Itaishinda sindano ya kabureta na kumwaga petroli juu ya injini ya moto.

Sasa ndiyo zamu ya kabureta. Piga picha kila hatua. Jeti usizitoboe kwa waya: ni za shaba laini, na tundu lake limepimwa kwa sehemu ndogo mno za milimita. Kwenye kabureta nyingi jeti ya 120 maana yake ni milimita 1.20, na mkwaruzo mmoja unatosha kuharibu kipimo. Loweka, kisha pitisha hewa na uitazame kwenye mwanga. Tundu liwe duara safi. Floti ya shaba, yaani boya linaloelea kwenye mafuta ndani ya kabureta, itikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kikicheza ndani, imepasuka. Kama huna uhakika, izamishe kwenye maji ya moto uone vipovu vinatokea wapi. Ncha ya sindano ikiwa na alama ya pete, ibadilishe, hata kama mkono wako hauihisi.

Kwa wanaotaka tuwasaidie: tuletee tangi na kabureta pamoja. Tangi tunalipima kwa hewa ndani ya maji, kabureta tunaiosha kwenye beseni la mawimbi ya sauti, na kila jeti tunaipima kabla ya kuirudisha. Ukishindwa kushusha tangi, tuletee angalau mafuta yake kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko mkaza, uliyoyachota chini kabisa. Usiku kucha iache wima mahali salama. Asubuhi itakuonyesha maji yamekaa wapi, kutu ni nyingi kiasi gani, na kama kweli kuna haja ya kuifungua kabureta.