Zuhura, kinyume chetu kilivuja wapi

Mombasa, Ijumaa usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi zikufikie huko Muscat, wewe na mama na watoto. Sisi hatujambo. Mvua imetuchezea wiki nzima, stima inakwenda na kurudi, na barua hii naianza kwa mwanga wa simu. Sauti yako ya Jumanne nimeisikiliza mara mbili. Unasema shemeji yako kakuambia yale maneno ya WhatsApp kwamba ujumbe umefumbwa mwisho hadi mwisho, yaani usomeke kwenye simu ya mtumaji na ya mpokeaji tu, ni pambo tu, kila mwenye nguvu anasoma, na mwenye siri asiandike. Ukaniuliza mimi, maana nimezeekea mbele ya kompyuta, nikwambie kweli. Kweli yenyewe ni ndefu, ndiyo maana naiandika badala ya kukurekodia sauti ya nusu saa.

Tuanzie barazani kwenu Kibokoni. Unakumbuka tulivyokuwa tukizungumza kinyume? Silabi ya mwisho unaichomoa, unaitanguliza mbele: samaki akawa kisama, kesho ikawa shoke. Siku moja ukaninong'oneza, "Shoke ndetusie nichuo." Kesho tusiende chuoni. Mama yako alikuwa akichagua mchele, hata macho hakuinua. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa kajinyoosha kitandani, sisi tukidhani usingizi umemchukua. Akasema neno moja tu: "Animesiki." Nimesikia! Kumbe kinyume alikijua tangu yeye msichana. Siku ile nilijifunza jambo ambalo wataalamu wa kazi hii wanalifundisha hadi leo: ukitegemea adui asijue namna unavyofumba, umekwisha. Namna ijulikane na watu wote, kinachofichwa kiwe ufunguo, yaani ile siri ndogo wanayoijua wenyewe tu. Sisi ufunguo hatukuwa nao. Tulikuwa na namna tu.

Na hata bila bibi, kinyume chetu kilikuwa kinavuja. Hili nililigundua juzijuzi nikicheka peke yangu jikoni. Lipindue neno mama. Unapata mama. Baba ni baba. Dada, kaka, bibi, yote vilevile. Watu walewale tuliokuwa tukiwaficha ndio waliobaki wazi! Mama yako akilisikia jina lake katikati ya ile vurugu ya silabi, alijua kabisa anayetetwa ni nani.

Namna ya pili ya kufumba ni kubadilisha herufi badala ya kuzihamisha: kila a iwe k, kila b iwe t, na kadhalika. Inaonekana ngumu, lakini Kiswahili kwa hilo ni mdomo wazi. Hesabu alama zote za barua, ile iliyojitokeza zaidi ni a, huna haja ya kubahatisha. Kisha tazama mwisho wa kila neno, karibu yote yanaishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Vile vineno vya herufi mbili, na, ya, wa, ni, la, vinakumalizia kazi. Barua ya ukurasa mmoja unaimaliza kabla chai haijapoa. Njia hii ya kuhesabu herufi aliieleza Al-Kindi, mwanachuoni wa Baghdad, katika karne ya 9. Wahenga wetu nao walishasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Al-Kindi aliandika jinsi ya kuligangua.

Na kwa kuwa uko Uarabuni, tazama safari ya neno la kazi hii ya kufumba. Sifuri yetu ni sifr ya Waarabu. Wazungu waliichukua, kwao ikaja kuwa cipher, jina la maandishi ya siri, kisha Waarabu wakairudisha nyumbani ikiwa imebadilika sura: ndiyo hiyo tashfir, yaani kufumba, unayoiona kwenye simu yako kila siku.

Sasa nikupe kisa kilichonifanya nisilale jana. Skuli ya Allidina Visram unaijua, umepita nje yake mara ngapi. Mwaka 1942 Waingereza waliichukua wakaifanya kituo cha kufumbua ujumbe wa Wajapani. Hapa hapa Mombasa! Kituo kilianzia Hong Kong, kikakimbilia Singapore, kikakimbilia Colombo. Aprili 1942 ndege za Kijapani ziliposhambulia Colombo, meli za kivita za Waingereza zikarudi nyuma mpaka Kilindini, na wafumbuzi wakafuatana nazo, pamoja na wasichana wa jeshi la majini. Wakakaa wanatega masikio kwenye redio. Mawimbi yaliwafikia kwa shida, maana Japani ni mbali mno, na kazi nyingi zilidorora.

Lakini moja ilifanikiwa sana. Meli za mizigo za Wajapani zilikuwa na fumbo lao, Waingereza wakiliita JN-40. Kila mtu aliamini linafanya kazi kama lile fumbo kubwa la jeshi la majini la Japani: neno unaligeuza tarakimu, kisha juu yake unajumlisha tarakimu nyingine za siri. Kwa imani hiyo walikuwa wakipiga ukuta. Halafu karani mmoja wa Kijapani akatuma ujumbe mrefu, akasahau kuandika meli iko wapi. Angeweza kutuma mstari mmoja wa nyongeza. Yeye akachukua ujumbe uleule, akachomeka mahali pa meli, akaufumba wote upya kwa mpangilio uleule wa siku ile, akautuma tena.

Unaona alichofanya? Aliwapa watu waliokuwa wakisikiliza nakala mbili za kitu kimoja, zikitofautiana kidogo tu. John MacInnes na Brian Townend, pale skulini, wakaziweka pamoja, na siri ikajitokeza: hakukuwa na kujumlisha kokote. Lilikuwa jedwali la vikundi 100 vya tarakimu mbilimbili, kisha tarakimu hizo zinapangwa kwenye safu na kuchanganywa nafasi zake. Yaani nusu yake ni jamaa ya kinyume, shoga. Kufikia Novemba 1942 walikuwa wanasoma ujumbe wote wa nyuma, na mpya kila unapoingia, na misafara ya meli ikawa inafuatwa baharini kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Mwaka uliofuata wakarudi Colombo.

Huyo karani simtoi akilini. Sidhani alikuwa mvivu. Alitaka ujumbe wake utimie, basi. Wakubwa wake walitunga fumbo zuri, naye akaliua kwa bidii yake mwenyewe.

Nirudi kwenye simu yako. Ile mifumo ya zamani yote ilikuwa na tatizo moja: mimi na wewe lazima kwanza tukutane faragha tukubaliane ufunguo. Sasa mimi niko Mombasa wewe Muscat, na kila tunachotuma kinapita mikononi mwa watu. Tutakubaliana vipi hali wote wanasikia? Watu waliona haiwezekani, mpaka mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walipotoa njia yao Marekani, na mwaka 1977 wakafuata Rivest, Shamir na Adleman.

Lifikirie hivi. Wewe unatengeneza kufuli elfu za aina moja, unazisambaza mjini zikiwa wazi, ufunguo unabaki nao shingoni. Anayetaka kukuletea kitu anatia kwenye kisanduku, anabana kufuli lako, anampa dereva yeyote. Hata mimi niliyelibana siwezi kulifungua tena. Kufuli hilo la akina Rivest limetengenezwa kwa kuzidisha. Zidisha 89 kwa 97, kalamu na karatasi inatosha, utapata 8633. Lakini ningekupa 8633 peke yake nikakuambia nitafutie namba mbili zilizoizaa, ungekesha. Sasa namba yenyewe iwe na tarakimu mia kadhaa. Kuzidisha ni dakika, kurudi nyuma ni umri na zaidi.

Wao wenyewe mwaka 1977 walitoa namba ya tarakimu 129 wakawatega watu. Ilivunjwa mwaka 1994, na watu wa kujitolea kama 600 waliounganisha kompyuta zao kwenye intaneti. Ndiyo maana namba za leo ni ndefu zaidi sana. Mwaka huohuo wa 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta za kwanta, aina mpya zinazohesabu kwa namna tofauti kabisa na hizi zetu, zikija kuwa kubwa vya kutosha, zitafungua makufuli haya. Kwa hiyo Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitangaza makufuli mapya yaliyotungwa kwa ajili ya hofu hiyo. Hilo lisikunyime usingizi wewe.

Kinachonigusa zaidi ni habari ya James Ellis. Yeye aliwaza kitu hikihiki Uingereza tangu mwaka 1970, ndani ya ofisi ya serikali ya mambo ya siri, na mwenzake Clifford Cocks mwaka 1973 akapata hesabu ileile ya kuzidisha. Hawakuruhusiwa kusema. Walikaa kimya wakitazama wengine wakisifiwa. Serikali ilikuja kutangaza Desemba 1997, na Ellis alikuwa amefariki mwezi uliotangulia.

Basi unapoandika "nimefika salama" kwenye WhatsApp, simu yako na yangu zimeshapatana funguo kwa njia za ukoo huo, na kila ujumbe unapata ufunguo wake mpya. Wa zamani unafutwa. Yaani kosa la yule karani, kutumia mpangilio mmoja mara mbili, simu haina nafasi ya kulifanya. Mfumo huo ulienea kwa watumiaji wote wa WhatsApp mwaka 2016. Kwa hiyo shemeji yako amekosea: anayedaka ujumbe njiani anadaka uchafu.

Ila hakukosea kote. Bahasha inaonekana. Barua haisomeki, lakini wenye WhatsApp wanaweza kujua nani kamwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi. Ukimwandikia daktari wa saratani mara nne usiku mmoja, kuna haja gani ya kusoma ndani? Halafu kuna nakala. Simu yako ikihifadhi mazungumzo huko mawinguni bila kufumbwa, tumefunga mlango wa mbele tukaacha wa uani. Kufumba nakala hizo kumewezekana tangu mwaka 2021, lakini lazima uwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Fanya leo. Na nywila yake uiandike mahali, ukiisahau hakuna wa kukusaidia.

Na kuna mdomo. Hapa nitajianika, usinicheke. Mwaka jana nilipata ujumbe kutoka namba ya binamu yangu: dada, nimekosea nimetuma tarakimu sita kwako, hebu nirushie haraka. Nilikuwa nakaanga viazi. Nikarusha. Zilikuwa za kuingilia akaunti yangu, na namba ya binamu ilikuwa imeshatekwa asubuhi yake kwa njia hiyohiyo. Dakika kumi baadaye nusu ya kikundi cha arusi wanaombwa elfu tano kwa jina langu, mgonjwa yuko hospitali. Mama mdogo alituma. Hakuna hesabu iliyovunjwa pale, Zuhura, kufuli lilikuwa zima. Mimi, niliyezeekea mbele ya kompyuta, ndiye nilimkabidhi mwizi ufunguo mkono ukinuka mafuta. Tangu hapo nimeweka namba ya siri ya pili juu ya akaunti, nawe uweke.

Lingine dogo. Fungua jina langu kwenye WhatsApp, bonyeza pale penye habari za ufumbaji, utaona tarakimu 60. Na mimi ninazo. Zikifanana, hakuna aliyejipenyeza katikati yetu. Usinitumie kwa maandishi. Nipigie tuzisome kwa sauti, wewe kikundi kimoja mimi kinachofuata, kama tulivyokuwa tukipokezana juzuu kwa mwalimu. Jumapili baada ya alasiri nitakuwa nyumbani.

Stima imerudi, na mtoto analia. Kabla sijafunga nakuachia mstari mmoja uufungue mwenyewe, mtu wa tatu asijue. Ingawa kama kawaida yetu, nusu yake iko wazi:

Enisalimi mama.

Wako,
Mwanaisha