Mzazi asiyelala aulizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji.

Mwaka juzi nilitoka Muheza kwenda Morogoro kumkanda binti yangu, uzazi wake wa kwanza. Siku tatu za mwanzo zilikuwa njema: uji wa pilipili manga anakunywa, mtoto ananyonya. Usiku wa nne hakulala. Wa tano vilevile. Wa sita, saa tisa, nilimkuta uani anafua kanga niliyokwisha kuifua jioni. Akaninong'oneza, "Mama, huyu si mwanangu. Wamembadilisha."

Asubuhi tulikuwa na kliniki ya siku ya saba. Mtoto akapimwa uzito, kitovu kikatazamwa. Mama yake hakuulizwa hata kama amelala.

Jamaa wakasema ni mashetani, na mimi, sifichi, nilikubali. Siku nne zikapotea kwa mganga, binti anafukizwa ubani, halali hata mtoto akilala. Aliyetuokoa ni jirani, muuguzi mstaafu: "Hiki ni kichaa cha uzazi. Mkimbizeni hospitali kama mnavyomkimbiza anayetokwa damu." Alilazwa, akapewa dawa, na baada ya wiki kadhaa akawa mwanangu yule yule.

Ugonjwa huu huwapata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo. Hayo niliyajua baadaye.

Kilichoniuma zaidi ni aliyonieleza siku moja tukichambua mchicha. Kumbe alikuwa anatusikia. Alimsikia shangazi yake akisema mtoto aondolewe, atamuua. Wakati huo yeye alikuwa anakesha mlangoni kumlinda mtoto na watu aliodhani wanakuja kumchukua. Nasi tukamchukua. "Mama, mlifanya kile kile nilichokuwa nakiogopa."

Kweli, mtoto asingeachwa peke yake naye. Lakini binti yangu angeelezwa, angekaa karibu yetu amwone mwanawe. Hatukumwambia neno, tulimzungumza tu mbele yake kama hayupo.

Wauguzi wetu, nawaomba: mkishampima mtoto, mgeukieni mama, mumuulize analalaje na anaogopa nini. Na aliyewahi kuugua aseme mapema akibeba mimba nyingine, maana ugonjwa huu huweza kurudi.

Binti yangu sasa ana mimba ya miezi mitano. Ameshamweleza mkunga, wameandika kwenye kadi. Safari hii nitakwenda kabla hajajifungua, na zamu ya usiku ya mtoto ni yangu.

Bibi wa wajukuu,
Muheza, Tanga